Kidoa Chako Kiache, Ila Kitazame

Juzi dada mmoja wa Kisauni alinitumia ujumbe. Ana kidoa cheusi juu ya mdomo, posa imeshakuja, na kuna mtu amemwahidi dawa ya kukiunguza. Moyo uliniuma, maana yalinifika mimi.

Changu kiko papo hapo, kimeinuka kidogo na kina unywele. Wiki ya harusi, nimekaa nasingwa, mpambaji akanishika kidevu: "Hiki tukitoe, kitaharibu picha." Akaleta kijiti kilichochovywa mafuta ya maganda ya korosho. Aliyewahi kubangua korosho anajua mafuta yale yanavyobabua vidole. Nikakataa. Shangazi wakanuna, na wifi mmoja akasema kidoa cha mdomoni ni alama ya umbea. Neno hilo mpaka leo halijanitoka. Lakini niliolewa nacho, na picha zangu zilipendeza.

Jamani, ngozi ina seli zinazotengeneza melanini, ndiyo rangi yetu. Kawaida zimetawanyika, zikikusanyika mahali pamoja, kidoa hutokea. Wachache huzaliwa nacho. Vingi hutoka utotoni na ujanani, kwa nasaba na kwa jua, na mtu mzima kuwa na vidoa 10 hadi 40 ni kawaida. Mimba nayo huweza kuvikoleza. Umbea hauhusiki hata kidogo! Vile vipele vidogo vyeusi vinavyojaa mashavuni mwa bibi zetu ni kitu kingine, navyo havina madhara.

Basi usikichome, usikifunge uzi, usikikate kwa wembe. Ngozi zetu huvimba makovu, utabaki na kovu kubwa kuliko hicho kidoa. Ukitaka kitoke, daktari wa ngozi atakutia ganzi, akikate, akipeleke maabara.

Na kitazame. Kikipoteza umbo, kingo zikiparaganyika, rangi zikichanganyika, kikizidi milimita 6, kikiwasha au kikitoa damu, nenda hospitali. Huenda ni saratani ya ngozi inayoanzia kwenye zile seli za rangi. Saratani hiyo ni adimu kwetu weusi, ila ikija hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha. Ya Bob Marley ilianzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu, akafariki 1981 akiwa na miaka 36 tu. Sisi wanawake wa Mombasa sehemu hizo ndizo tunazozifunika kwa hina na piko. Kwa hiyo kabla hamjapakana, tazamaneni nyayo na kucha. Ukiona mstari mweusi kwenye ukucha mmoja, nao unazidi kupanuka, usisubiri harusi iishe.