Jibu: CEA imeshuka baada ya mionzi, je, upasuaji wa puru uachwe?

Salaam, ndugu. Unauliza kama CEA (protini ya kwenye damu ambayo saratani inaweza kuipandisha) ya mzee wako kushuka kutoka 12 hadi 4, baada ya mionzi na dawa za saratani, kunatosha kuacha upasuaji wa puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Angalia kwanza kama anavuta sigara au ana ugonjwa wa ini, kwani hayo hupandisha CEA, na kama vipimo vyote vilifanywa katika maabara ileile. Kurudi chini ya nanogramu 5 kwa mililita ni dalili njema. Hata hivyo, uvimbe unaweza kubaki ukutani mwa puru ilhali damu inaonekana safi. Mjomba wangu niliyemuuguza, daktari wake hakuamua lolote kabla ya kumpima kwa kidole, kuingiza kamera na kupiga MRI (picha za ndani ya mwili kwa sumaku) ya nyonga. Ombeni vipimo hivyo vitatu.