Bata kagoma kula, anachechemea, shingo imelegea: majibu ya maswali yenu

Maswali ya bata yamerundikana kweli, nimechagua machache yanayojirudia. Kabla sijaanza, jueni kwamba bata anaficha ugonjwa mpaka mwisho, yeye ni windo toka enzi na akionyesha unyonge analiwa, kwahiyo ukimkuta kajikunyata pembeni manyoya yamemsimama usidhani kaanza kuumwa leo asubuhi.

Bata wangu tangu jana hali, amekaa kona moja kafumba macho. Nimpe nini?

Usimpe kitu kwanza, mpashe joto. Mwili wa bata mzima una joto la kama nyuzi 41 hadi 42, akiumwa nguvu ya kulitunza hilo joto inamwishia na tumbo nalo linalala, yaani hata ukimlazimisha kula hakisagiki. Tafuta boksi, tandika taulo, weka chupa ya maji ya moto uliyoizungushia kitambaa UPANDE MMOJA tu ili akizidiwa na joto asogee, alafu mweke sehemu tulivu, watoto na mbwa wasimchungulie kila dakika. Kuogelea kwa leo basi. Maji ya kunywa mpe kwenye chombo kizito chenye kina cha kuzamisha pua, maana bata asiposafisha pua na macho vinamziba, ila kama kichwa hakijishiki chombo kitoe kabisa, bata dhaifu anazama hata kwenye bakuli.

Na tafadhali sana msimmiminie maji mdomoni. Tundu lake la hewa liko hapohapo nyuma ya ulimi. Bata wangu wa kwanza nilimuua mwenyewe hivyo, nilimshika kichwa nikampa maji ya glukozi kwa sirinji, nia njema kabisa, akakohoa mara mbili akalegea mkononi mwangu. Dondosha tone moja pembeni ya mdomo, subiri ameze mwenyewe, ndo uweke lingine.

Akichangamka mpe chakula chake kilekile cha siku zote kilicholowekwa kikawa uji, au njegere zilizopondwa. Mkate na maziwa hapana. Mpime uzito kila asubuhi kwa mizani ya jikoni, ile namba itakwambia ukweli kuliko macho yako. Kinyesi kikiwa cha kijani kibichi mara nyingi ni nyongo tupu, tumbo halina kitu. Siku nzima ikipita hajala mpeleke kwa daktari wa mifugo, usisubiri ya pili.

Vifaranga wangu wa bata wana wiki 3, wawili wanatembelea magoti. Nawapa chakula cha vifaranga wa kuku.

Umejijibu mwenyewe hapo mwisho. Bata anahitaji niasini, ndo vitamini B3, nyingi kuliko kuku, kama miligramu 55 kwenye kila kilo ya chakula, na chakula cha kuku mara nyingi hakifiki huko. Ikipungua miguu inapinda na goti linavimba. Changanya hamira ya bia, ile ya lishe ambayo imeshakufa, SIO ya kuumulia maandazi, kijiko kikubwa kimoja kwa kikombe cha chakula. Ukiwahi utaona tofauti ndani ya siku chache, ukichelewa mfupa ukishakomaa umepinda ndo hivyo tena. Na kama wanakaa juu ya gazeti au plastiki toa leo, miguu inateleza inaachana.

Anachechemea, chini ya unyayo kuna uvimbe na kidoa cheusi kigumu katikati.

Hilo ni jipu la unyayo, bakteria kaingia kwenye mchubuko. Chanzo ni sakafu ngumu au changarawe, au tandiko bichi, au bata mzito. Likiwa dogo loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi ya Epsom, ile ya magnesiamu sio ya kupikia, dakika 15 hivi kila siku (asiyanywe hayo maji, yanaharisha), kausha, paka iodini, funga bandeji, mweke kwenye maranda laini makavu. Kuna watu wanachokonoa na wembe kutoa kiini, mimi siafiki, bata anasikia maumivu kama wewe na pale pana mishipa na kano. Likiwa la moto, au mguu umevimba hadi juu, hiyo ni kazi ya daktari na ganzi.

Mbwa kamng'ata bawa, linaning'inia. Naweza kulifunga mwenyewe?

Kulifunga kwa muda ili usafiri naye, ndio. Damu ikitoka bana kwa kitambaa safi bila kuachia dakika kadhaa. Osha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko cha chai cha chumvi kwa nusu lita, spiriti usitie. Alafu likunje bawa kama linavyokaa siku zote ulifunge lenyewe, na ukipitisha bandeji kifuani usikaze. Bata hana kiwambo kama chetu, ule msuli wa kupumulia chini ya mapafu, anavuta hewa kwa kusukuma kidari nje, ukimbana kifua umemnyonga. Vitundu vya meno ya mbwa vinaonekana vidogo kumbe ndani kumeoza, kwahiyo anahitaji antibiotiki siku hiyohiyo. Nzi wasimguse pia, funza wanatokea chini ya siku moja.

Nimpe panadoli?

Hapana. Na antibiotiki zako zilizobaki kabatini pia hapana, kipimo hukijui na mayai yake mtakula nyie.

Bata 3 wamelegea shingo kwa mpigo, wanashindwa hata kuinua kichwa.

Wengi kwa pamoja ni habari nyingine. Inaweza kuwa sumu ya botulizimu, inatoka kwenye mizoga, funza na maji yaliyotuama wakati wa joto, miguu inaanza, shingo inafuata. Watoe kwenye hilo dimbwi haraka, wazuie wazima pia. Ila inaweza kuwa mafua ya ndege, na kwa macho huwezi kutofautisha, kwahiyo vaa glavu na barakoa, usichinje, usimpe jirani, piga simu kwa afisa mifugo.

Nimemtenga mgonjwa, analia usiku kucha.

Analia wenzake. Kama daktari kasema haambukizi, mweke kwenye kizimba cha wavu katikati yao, waonane wasikanyagane, na ukisikia kaanza kuwajibu kwa sauti ya chini badala ya kupiga kelele, huyo keshatulia, kalale.