Maswali na majibu: mbawakawa asiyefika milimita moja

Safu iliyopita ilihusu mbawakawa wa familia ya Ptiliidae, wale wenye mabawa mfano wa unyoya. Nimejibu baadhi ya maswali yaliyoletwa, yaliyofanana nimeyaunganisha.

Nilisoma kuhusu yule wa Kenya aliyepewa jina la Greta Thunberg, mwanaharakati wa mazingira wa Sweden, kwamba hana macho wala mabawa. Sasa wamejuaje kuwa ni mbawakawa?

Huyo ni Nelloptodes gretae, aliyeelezwa (yaani kutambulishwa kisayansi na kupewa jina) na mtaalamu wa mbawakawa Michael Darby mwaka 2019. Ana urefu wa milimita 0.79, rangi ya manjano iliyopauka, na vipapasio virefu kwa mwili wake. Anaposemwa hana mabawa, maana yake ni yale ya nyuma, laini, ya kurukia. Mabawa magumu ya mbele, yanayofunika mgongo wa kila mbawakawa, hayo ni habari nyingine.

Kinachomweka kwenye familia yake ni vitu vidogo. Vipapasio vya jamaa hawa kwa kawaida vina pingili 11: mbili za mwanzo nene, za katikati nyembamba mno, na mbili au tatu za mwisho zimevimba tena, huku pingili zikizungukwa na nywele ndefu. Nyayo zina pingili tatu, lakini mbili za kwanza ni ndogo kiasi kwamba ukiangalia harakaharaka utahesabu moja tu.

Upofu nao usikushangaze. Katika jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Ptinella, spishi hiyohiyo moja huwa na wadudu wa aina mbili: weusiweusi wenye macho na mabawa kamili, na waliopauka, vipofu, wasioruka. Mtu asiye makini anaweza kumpa mdudu mmoja majina mawili.

Huyo wa Kenya inasemekana alikusanywa miaka ya 1960. Mbona jina limekuja baada ya nusu karne?

Kwa sababu kukusanya ni rahisi, kuchambua ndiko kugumu. Sampuli za udongo zilichukuliwa na William Block, wadudu wakaishia katika Makumbusho ya Historia ya Asili ya London, wakasubiri mtu mwenye ujuzi na subira ya kuwapitia mmoja mmoja. Watu wa namna hiyo ni wachache duniani. Kwangu mimi habari kubwa ilikuwa hiyo, wala si jina, ingawa magazeti yalishika jina.

Wanauma?

Hapana. Chakula chao kikubwa ni spora (chembe za uzazi) na nyuzi za kuvu.

Kwa nini picha nzuri haitoshi kuthibitisha kwamba spishi ni mpya?

Kwa sababu kwa nje wengi wanafanana, rangi hubadilika kwa umri, na vipimo vya spishi mbili huingiliana. Tofauti ya kuaminika mara nyingi imejificha ndani ya tumbo la jike: kifuko anachohifadhia mbegu za dume. Kifuko hicho kina ukuta mgumu, na kila spishi ina umbo lake. Kuna kilichojipinda, kuna kilichojikunja mara kadhaa, kuna chenye shingo ndefu.

Ili kukiona, mdudu hulowekwa kwenye potasiamu haidroksaidi hadi nyama yote iyeyuke libaki ganda. Kisha tumbo hutenganishwa na kidari kwa sindano nyembamba kabisa, chini ya hadubini, ndani ya tone la maji. Ukishusha pumzi vibaya tumbo limepotea. Likipona, hulazwa kwenye kioo ndani ya utomvu angavu na kuchorwa. Ndiyo maana maelezo ya spishi mpya yasiyo na mchoro wa kifuko hicho mimi huyasoma kwa mashaka, hata yakiwa na picha za hadubini ya elektroni za kupendeza.

Mwili mdogo hivyo, viungo vyote vinaenea?

Havienei, na vingine vimeachwa. Hawana moyo: kwa umbali mfupi namna hiyo, kusukuma damu hakuhitajiki. Mirija ya kutolea taka imebaki miwili, wakati mbawakawa wakubwa wana minne au sita. Ubongo, kinyume chake, haukubali kupungua kwa kiwango hichohicho, kwa hiyo ukilinganisha na mwili ni mkubwa kuliko wa mbawakawa wa kawaida.

Jike hukomaza yai moja tu kwa wakati, na yai hilo hukaribia nusu ya urefu wake mwenyewe. Hapo ndipo ninapodhani kikomo cha udogo kilipo: unaweza kuishi bila moyo, lakini yai lazima libebe mtoto mzima.

Bawa lenye nywele tupu linashikaje hewa?

Kwa kimo chao, hewa ni nzito na yenye kunata, kwa hiyo haipiti kirahisi katikati ya nywele. Bawa hufanya kazi karibu sawa na lililojaa, ila ni jepesi zaidi. Utafiti wa mwaka 2022 juu ya Paratuposa placentis, mwenye urefu wa milimita 0.4 hivi, ulionyesha mabawa yakichora umbo la namba nane na kukutana juu na chini ya mwili. Yale magumu ya mbele hufunguka na kufunga ili mwili usiyumbe.

Ni yupi mdogo kuliko wote?

Scydosella musawasensis, aliyeelezwa mwaka 1999 kutoka Nicaragua. Vielelezo vya kwanza vilikuwa vimebandikwa kwenye vioo vya hadubini, hivyo urefu kamili haukupimika vizuri. Mwaka 2015 mtafiti Alexey Polilov alipima wengine kutoka Colombia. Mdogo kabisa alikuwa na milimita 0.325.

Nina hadubini. Naweza kuwatafuta mwenyewe?

Unaweza. Chukua majani yaliyooza yenye unyevu, yaweke juu ya wavu ndani ya faneli, washa taa juu yake na weka kichupa cha spiriti chini. Joto linavyokausha majani, wadudu hukimbilia chini na kudondoka. Mimina spiriti kwenye kisahani chenye sehemu ya chini nyeusi, maana waliopauka hawaonekani kwenye nyeupe. Andika mahali na tarehe kwa penseli, uitie karatasi ndani ya kichupa: wino wa kalamu nyingi huyeyuka kwenye spiriti, na mdudu asiye na mahali hafai kuelezwa.