Redio yenu ikitaka kuunganishwa na Dar, shikilieni saa za asubuhi

Ofa huwa ni ileile. Kampuni kubwa ya Dar es Salaam inamfuata mwenye kituo kidogo cha mkoani na kumwambia: chukua jina letu, chukua vipindi vyetu, punguza mishahara. Baada ya hapo kituo kinabaki na mnara, dishi la kupokea matangazo, fundi na mlinzi. Nimefanya kazi ya redio hapa Tanga, kwanza kaunta ya matangazo madogomadogo, baadaye kipindi cha asubuhi, na nilikuwepo mabadiliko ya namna hiyo yalipofika kwetu. Wadogo zangu wanaosomea utangazaji huniuliza wafanye nini yakiwakuta. Nami nina jibu.

Msipoteze nguvu kugombania jina. Jina likibadilika, masafa yakabaki palepale, msikilizaji huzoea. Muziki nao si wa kuuvunjia urafiki, maana kijana wa Ngamiani hapa Tanga anapenda bongo fleva ileile anayoipenda wa Sinza kule Dar. Piganieni saa za asubuhi, tangu kumi na mbili hadi saa nne, na ile kaunta ya mbele ambapo mtu yeyote anaingia na karatasi yake.

Asiyewahi kukaa kwenye kaunta ile hawezi kujua kilichokuwa kikipita pale. Mlango ukifunguliwa tu, anaingia mtu na ukurasa uliochanwa kwenye daftari la shule, umeandikwa kwa peni, mkono unatetemeka. Familia fulani ya Makorora inasikitika kutangaza kifo cha mama yao. Mazishi leo baada ya sala ya adhuhuri. Habari ziwafikie kaka wa marehemu aliyeko Pongwe, shangazi wa Muheza, wajukuu walioko Pangani na Maramba, na popote walipo ndugu na jamaa. Mimi nilikuwa namsomea aliyeleta, neno kwa neno, ahakikishe hakuna aliyesahaulika, kwa sababu ndugu asipotajwa ni kesi ya miaka. Mara nyingi aliyeleta ni kijana tu, katumwa, na akifika kwenye jina la marehemu sauti inakatika. Unamvutia kiti, unasubiri.

Hapo saa ndiyo kila kitu. Waislamu huku kwetu hawalazi maiti bila sababu, na kaburi likishaanza kuchimbwa asubuhi, tangazo lisomwe kabla ya saa tatu, la sivyo shangazi wa Muheza atafika watu wanarudi kutoka makaburini. Simu zipo, najua, na makundi ya WhatsApp yapo. Lakini bibi wa Mikanjuni mwenye redio ya betri hayumo kwenye kundi, na ndiye anayemjua kila anayepaswa kujulishwa.

Mabadiliko yalipokuja kwetu, kaunta ilifungwa wiki ya kwanza. Asubuhi redio ikaanza kutusomea foleni ya magari ya Ubungo na Tazara, Dar. Tanga, mji wa baiskeli! Watu wanakwenda zao sokoni huku redio inawashauri wapite njia gani kukwepa magari yaliyosimama umbali wa kilomita 350 hivi. Mtangazaji hakuwa na kosa, aliwatumikia watu wa mji wake, na aliwatumikia vizuri. Kosa ni la aliyeona Tanga haistahili mtu wa kuisemea asubuhi.

Sina ugomvi na redio ya taifa. Radio Tanzania Dar es Salaam ilitulea; kwa miaka mingi ndiyo pekee iliyotuunganisha, na salamu za mtu wa Kigoma zilifika Lushoto kupitia studio moja. Sheria ya utangazaji ya 1993 ndiyo iliyofungua mlango kwa vituo vya binafsi, na mikoani tulichelewa kupata vyetu. Ndiyo maana inaniuma kuona tulichokipata juzi kinarudishwa Dar kimyakimya.

Kuna atakayekwambia hata Ulaya wanafanya hivyo. Ni kweli, na ni vizuri mjue ilivyokwenda. Uingereza, Oktoba 2018, mdhibiti wao Ofcom alipunguza saa za lazima za vipindi vya ndani kwa vituo vya FM, kutoka jumla ya saa saba hadi jumla ya saa tatu kwa siku, mchana wa siku za kazi, kwa kituo kinachosoma habari za eneo lake siku nzima. Akaondoa pia sharti kwamba kipindi cha asubuhi kiwe cha hapohapo. Mwaka uliofuata kampuni ya Global, yenye vituo vya Heart na Capital, ikafuta vipindi vya asubuhi vya mikoani na kuweka kimoja kwa kila jina kutoka London. Mwaka 2020 kampuni ya Bauer nayo ikachukua vituo vingi vya miji midogo na kuvipa jina moja, Greatest Hits Radio. Saa zikishapunguzwa kwenye karatasi, hakuna mwenye mtaji atakayetoa zaidi ya zilizoandikwa.

Marekani walitangulia. Sheria ya 1996 iliondoa ukomo wa idadi ya vituo vya redio ambavyo kampuni moja inaweza kumiliki nchini, na kampuni ya Clear Channel ikapita vituo 1,000. Usiku wa 18 Januari 2002, treni iliacha reli nje kidogo ya mji wa Minot, North Dakota, gesi ya ammonia ikamwagika. Mtu mmoja alifariki na wengi wakaumia. Vituo sita vya redio vya mji huo vilikuwa vya kampuni hiyo. Polisi walilalamika kwamba walipiga simu kituoni haikupokelewa. Kampuni ikajitetea kwamba mtu alikuwepo. Vyovyote ilivyokuwa, mkiletewa mkataba ulizeni: saa nane za usiku, nani ana ufunguo wa studio, na ana ruhusa ya kukata matangazo ya Dar bila kumpigia mtu?

Swali hilo kwa watu wa pwani ni la maisha. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa baharini, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa taarifa mara kwa mara. Mvuvi wa Sahare au Kipumbwi anapoisikia taarifa ya mwambao mzima, bado anataka mtu wa kumwambia kwetu huku kukoje, vyombo vilivyotoka jana vimerudi, boti za Pemba zinaondoka au zimezuiwa. Hilo linajibiwa na mtangazaji anayeweza kumpigia mtu wa bandari sasa hivi na kumweka hewani.

Kwa hiyo mwenye kituo, ukibanwa na gharama ukaona huna njia, uza jioni. Uza usiku, uza Jumapili. Asubuhi ibaki yako, na iandikwe kwenye mkataba kwa saa, pamoja na haki ya kuingilia matangazo wakati wa dharura. Mkiambiwa "tutaangalia baadaye", msisaini. Angalieni pia leseni yenu ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inasema mnahudumia eneo gani, kwa sababu mliomba masafa kwa kuwataja watu wa eneo hilo.

Na nyie wenye maduka, wenye mabasi ya Lushoto na Handeni, wenye kumbi za harusi: lipeni matangazo kwa wakati. Nimebeba ankara mlango kwa mlango Barabara ya Kumi na Mbili na nikaambiwa njoo Ijumaa mpaka mwezi ukaisha. Mfanyabiashara huyohuyo ndiye aliyelalamika zaidi tangazo la msiba wa baba yake lilipokosa mahali pa kupelekwa. Redio ya asubuhi inaendeshwa na watu wachache tu, na mishahara yao ni hizo shilingi zenu. Mwenye kituo anayelipwa na mji wake ana nguvu ya kukataa ofa. Anayedai nusu ya Ngamiani atasaini chochote atakacholetewa.