Jibu: Kutambua EMD na GE kwa mlio tu

Salaam mkuu. Unauliza kwa nini vichwa viwili vya treni, kimoja cha EMD na kingine cha GE (kampuni za Marekani zilizotengeneza vichwa vya dizeli), vyote vya silinda 16, vinalia tofauti. Sikiliza kwanza kikiwa kimesimama, injini inaunguruma bila mzigo. Injini ya EMD 645 ni ya mipigo miwili, kila silinda huwaka kila mzunguko, kwa hiyo mngurumo umeshikana. Injini ya GE FDL ni ya mipigo minne, silinda huwaka mara moja kwa mizunguko miwili. Utasikia dugu-dugu, karibu uhesabu.

Mluzi nao unasaidia, ingawa hudanganya wengi: turbo (feni ya kusukuma hewa ndani ya injini) ya SD40-2, kichwa cha EMD, huzungushwa na gia hadi moshi upate nguvu ya kuizungusha, hivyo hupiga mluzi hata injini ikiwa taratibu. GP38-2 ni EMD pia, lakini haina turbo kabisa. Rekodi za simu usiziamini sana, hupunguza besi.