Mgonjwa ana upungufu wa folik asidi? Mwangalie mdomo kwanza

Nimeuguza wagonjwa wa upungufu wa damu unaoletwa na kukosa folik asidi (vitamini ya kutengeneza damu) miaka mingi na kitu kimoja bado kinaniuma, tunakimbilia kumwambia mgonjwa ale mboga za majani, ale maharage, ale maini, halafu sahani inarudi vile vile ilivyoenda na sisi tunaandika kwenye faili eti anakataa kula. Kuna mama mmoja alikuwa hivyo, siku tatu nzima anasukuma sahani pembeni, mi nikadhani amekata tamaa tu. Siku ya nne nikamwomba atoe ulimi. Mwekundu kama nyama mbichi, umelainika unang'aa, na pembeni vidonda. Sasa huyo atatafunaje?

Tangu hapo naanza na mdomo. Mswaki laini sana, na kama hata huo unauma basi kitambaa laini kilicholowa, asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo kabla na baada ya kula, pilipili na vitu vya moto sana weka mbali, na vichachu pia (machungwa yana folik asidi ndio, lakini yasubiri vidonda vipone). Chakula kiwe laini, kidogo kidogo, hata mara tano sita kwa siku. Na mboga jamani msizichemshe mpaka zinakufa, manake folik asidi inaharibika na moto na nyingine inaondoka na yale maji mnayomwaga, pika haraka kwa maji machache na mchuzi wake anywe.

Akitaka kusimama akae kwanza ukingoni mwa kitanda, kizunguzungu kinawaangusha sana hawa. Akikujibu kwa hasira usimchukie, ni ugonjwa huo.

Vidonge mara nyingi daktari anaandika miligramu 5 kwa siku, kama miezi 4. Wengi wakipata nguvu wanaacha njiani, kwa hiyo mwambie mapema kwamba seli nyekundu zinaishi kama siku 120 na mwili unahitaji huo muda kuzibadilisha na kujaza akiba.

Ila hapa naomba usikilize vizuri: kabla ya kidonge cha kwanza uliza kama vitamini B12 imepimwa. Muulize mgonjwa, miguu inakufa ganzi? Inachomachoma? Unayumba ukitembea gizani? Kama ni B12 ndiyo imepungua na ukampa folik asidi peke yake, damu inaweza kupanda kila mtu akafurahi, kumbe mishipa ya fahamu inazidi kuharibika, na ikishaharibika sana hairudi yote. Hilo swali ni la dakika moja tu.

Uliza na dawa anazotumia pia, manake kuna zinazovuruga folik asidi mwilini, kama methotreksati (ya saratani au baridi yabisi) na fenitoini ya kifafa, na pombe uliza bila kumhukumu, la sivyo atakuficha. Usimwachishe dawa yoyote mwenyewe, mpelekee daktari taarifa, manake hata folik asidi yenyewe inaweza kushusha fenitoini kwenye damu na degedege likarudi.

Yule mama wiki ya pili aliniita kitandani, akatoa ulimi kabla sijamwomba, vidonda vimefunga. Akaniuliza kama chungwa sasa linaruhusiwa, nikamenya nikampa.