Kwa Mnaoanza Kazi ya Ununuzi wa Umma: Hasara Huingia Kabla Tenda Haijatangazwa

Wengi wenu mtaingia katika ofisi za ugavi za kaunti, hospitali na mashirika ya serikali hapa Mombasa mkiamini kwamba adui wa fedha za umma ni mwizi peke yake. Mwizi yupo, na sheria inamhusu. Hata hivyo, katika miaka yangu ya kazi hii nimeshuhudia fedha nyingi zikipotea mikononi mwa watu ambao hawakuiba hata shilingi: waliandika mahitaji kwa haraka, wakanakili maelezo ya bidhaa kutoka taasisi nyingine, wakaitangaza tenda kwa kufuata kila utaratibu, na mwishowe wakalipia kitu kisichomfaa mtu yeyote. Hasara ya namna hii ni nadra kumfikisha mtu mahakamani, na kwa sababu hiyo hujirudia kila mwaka wa fedha.

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Wizara ya Afya iliagiza zahanati 100 za makontena, kila moja kwa takriban shilingi milioni 10, na zikahifadhiwa Miritini, katika uwanja wa Huduma ya Vijana kwa Taifa, ambako zilikaa kwa miaka zikipigwa na jua na upepo wa chumvi. Maswali kuhusu bei na jinsi kampuni ilivyoteuliwa yaliulizwa sana, tena yalistahili kuulizwa. Swali ninalotaka ninyi mlishike ni la mapema zaidi: ombi la kununua zahanati hizo lilipoandikwa, ni nani aliyethibitisha kwamba kiwanja cha kuwekea kila moja kipo, kwamba maji na umeme vinafika, na kwamba wauguzi wa kuhudumia wagonjwa ndani yake wameajiriwa? Mpango wa kukodi vifaa vya matibabu ulioanza mwaka 2015 kwa hospitali za kaunti zote 47 uliingia katika shida hiyo hiyo, kwani baadhi ya hospitali zilipokea mashine kabla ya kuwa na wataalamu wa kuziendesha au umeme wa kutosha, huku malipo ya kukodi yakiendelea.

Kifungu cha 227 cha Katiba kinautaka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa uwazi, wa ushindani na wenye gharama nafuu. Mtaona kwamba ofisi nyingi hushughulika na sifa nne za mwanzo, kwa sababu hizo ndizo mzabuni aliyeshindwa huzilalamikia, na kuisahau ya tano, ambayo anayeumia kwayo ni mlipa kodi asiyekuwepo mezani. Kwa hiyo ombi likikufikia kutoka idara yoyote, usilichukue kama karatasi ya kupitisha tu. Mpigie simu aliyeliandika, na ikiwezekana nenda ukaone mahali kitu hicho kitakapotumika. Uliza kilichopo sasa kina kasoro gani, nani atakitumia, na nani atakitengeneza kikiharibika.

Maelezo ya bidhaa ndiyo sehemu inayohitaji akili yako yote. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inataka yawe sahihi, kamili na yasiyompendelea mzabuni mmoja kwa kutaja jina la kampuni au chapa. Lakini maelezo yanaweza kutimiza hayo yote na bado yakawa mabovu. Nguzo za taa za barabarani zilizoelezwa kwa mazingira ya Nairobi hazitadumu karibu na bahari, kwa kuwa chumvi hula chuma kisichokingwa ipasavyo, na ukiandika tu kwamba nguzo ziwe za chuma, anayetoa bei ya chini kabisa atashinda kihalali na kukuletea chuma kitakachooza. Muulizeni mhandisi, na muulizeni pia fundi anayezikarabati, kwani mara nyingi fundi ndiye anayejua kinachoharibika kwanza.

Kuhusu bei, msiridhike na makadirio ya mwaka uliopita yaliyoongezwa kidogo. Ingieni katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Mwembe Tayari, ulizeni kama mteja wa kawaida, kisha andikeni tarehe na bei mliyopewa ndani ya faili. Afisa asiyejua bei ya saruji mjini hana namna ya kutambua kwamba mzabuni anamzidishia.

Kalenda nayo hupoteza fedha. Mwaka wa fedha hufungwa Juni 30, pesa kutoka Nairobi huchelewa, na mvua za masika hapa pwani huwa kali zaidi mwezi Mei. Matokeo yake ni kwamba mitaro huchimbwa wakati maji yamejaa ndani yake, na kazi hukaguliwa upesi ili malipo yawahi kabla ya vitabu kufungwa. Mpango wa ununuzi wa mwaka ukiandaliwa vizuri mapema, nyaraka za kazi za ujenzi zitakuwa tayari Julai, na fedha zikifika kandarasi ianze wakati wa kiangazi.

Tathmini sitaizungumzia kwa urefu. Pimeni kila mzabuni kwa vigezo vilivyochapishwa katika nyaraka za tenda, wala msibuni kingine, na mmalize ndani ya siku 30 zilizowekwa na sheria. Mzabuni ana siku 14 za kupeleka malalamiko mbele ya bodi ya kukagua zabuni, nayo bodi ina siku 21 za kuamua. Tenda ikibatilishwa kwa uzembe wenu, anayesubiri ni mgonjwa au mwanafunzi.

Upokeaji wa bidhaa, kwa upande wake, unastahili muda mwingi kuliko unaopewa. Mkiteuliwa katika kamati ya ukaguzi na upokeaji, msitie sahihi mkiwa ofisini. Fungueni masanduku, hesabuni, washeni mashine, na kwa ujenzi pimeni kina cha msingi kabla haujafukiwa, kwa sababu baada ya zege kumwagwa hakuna anayeweza kuthibitisha kilichomo chini. Mabadiliko ya kandarasi nayo yana kikomo: jumla yake haipaswi kuzidisha bei ya awali kwa zaidi ya asilimia 25. Mkandarasi anayekuja na ombi la nyongeza mara tu baada ya kutia sahihi huenda alishinda kwa bei ambayo hakuwahi kukusudia kuifanyia kazi.

Mtapokea maagizo kwa mdomo kutoka kwa wakubwa. Jibuni kwa adabu na ombeni yaandikwe, maana Kifungu cha 226 cha Katiba kinamwajibisha binafsi afisa anayeidhinisha matumizi kinyume cha sheria, hata akiwa ameshaondoka kazini. Wahenga wa pwani walisema mali bila daftari huisha bila habari. Faili yenye kila barua, kila kumbukumbu ya kikao na kila bei iliyoulizwa itawatetea pale ambapo kumbukumbu za watu zitakuwa zimebadilika.

Jambo la mwisho linahusu wafanyabiashara wadogo. Asilimia 30 ya ununuzi imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na wengi wao hukopa katika vyama ili watimize LPO, yaani hati rasmi ya kuagiza bidhaa, mliyowapa. Ikiwa fedha hazimo katika bajeti, sheria hairuhusu ununuzi uanze, lakini LPO hutolewa hata hivyo, na mama aliyepeleka chakula shuleni hubaki akizungushwa ofisi hadi ofisi huku riba ikipanda. Kwa hiyo kabla ya kuitoa, thibitisheni na mhasibu kwamba kiasi hicho kimetengwa kwa jina la kazi hiyo, na uthibitisho huo uwe wa maandishi. Bidhaa zikipokewa, pelekeni hati za malipo siku hiyo hiyo, kisha fuatilieni hadi mama huyo alipwe.